Sauti ya Kuonyesha Njia

Koenji, Tokyo, 1969

Juni 9

Inatangazwa rasmi kwa wote wanaohusika, na hata wasiohusika, kwamba leo asubuhi kiatu changu cha kushoto kimeota ukungu. Cha kulia bado kinatafakari. Watu wa hali ya hewa nao wametangaza redioni kwamba mvua za plamu, zile za mwanzo wa kiangazi, zimeanza, lakini wamechelewa. Kiatu kilijua tangu juzi.

Mke wangu, Tamae, alikipangusa kwa kitambaa akasema, "Baba, usipotoka nje hata wewe utaota."

Asema kweli. Mimi Kuwano Tokuji, mtu wa makamo na tumbo lake, mpiga kodiani na mtunzi wa nyimbo za matangazo ya dawa ya mbu, sijatia mguu barabarani wiki nzima. Nimekaa kwenye mkeka mbele ya karatasi tupu ya muziki kwa sababu, kwa mara ya kwanza maishani, nimepewa wimbo mkuu wa filamu.

Filamu inahusu msusi mmoja wa Yokohama anayewapamba nywele maharusi wa watu mpaka naye anazeeka. Mwongozaji ni kijana Segawa, anayevaa skafu ya sufu mwezi wa Juni. Anataka wimbo unaonukia Paris. Yeye mahali pa karibu zaidi na Paris alipowahi kufika ni bandari ya Kobe. Mimi hata Kobe niliipita nikiwa nimelala kwenye treni.

Mwimbaji atakuwa Bi Nagumo Mitsuyo. Nani asiyemjua? Sauti yake ni ya bandari, machozi na pombe ya mchele. Akivuta noti moja, hata vikombe mezani huitikia. Lakini santuri zake hazinunuliwi tena kama zamani. Jana alinipigia simu mwenyewe.

"Mwalimu Kuwano," alisema, "kampuni wameniambia wazi. Wimbo huu usipopokelewa, mkataba wangu basi. Nitarudi kuimbia wageni wa hoteli za chemchemi za maji moto, wale wanaokula huku wamekupa mgongo. Nakuomba unitungie kitu ninachokiweza."

Nikamwahidi. Ahadi ni kitu chepesi sana ukiwa umeshika simu.

Juni 11

Mvua. Karatasi tupu.

Juni 12

Mvua. Karatasi imejikunja kwa unyevu. Si tupu tena kabisa, ina kona.

Juni 14

Nimetoka. Nilikwenda kwenye mkahawa ulio karibu na kituo, ule wenye viti vya mahameli na sahani za santuri za Kifaransa. Niliagiza kahawa moja, nikaifanya idumu mchana kutwa.

Nje watu walipita na miavuli yao, na kioo kilikuwa na mvuke kiasi kwamba kila mtu alionekana kama amechorwa kwa rangi za maji na mchoraji mvivu. Ndani, wanawake wa Paris waliimba mmoja baada ya mwingine. Sikuelewa neno. Lakini baada ya muda niliona jambo. Hawa hawaimbii ukumbi. Wanaimba kama mtu anayemsimulia mwenzake aliyelala ubavuni mwake, naye hana hakika kama mwenzake bado yu macho, wala hajali sana. Sauti inaanza kabla ya neno na inabaki baada ya neno kwisha. Mle mkahawani nilijiona naelea, mimi na tumbo langu.

Nikarudi na wimbo wa mwendo wa waltz, ule wa mapigo matatumatatu, kichwani, nikatembea kwa hatua ndogondogo nisiumwage.

Juni 16

Wimbo upo. Segawa ameuandikia maneno mwenyewe. Nilitegemea mabaya, kumbe si mabaya:

*Nywele zako nimezifunga,
zangu zimefunguliwa na mvua.
Nani atanishikia kioo
nami nione kisogo cha furaha?*

Sasa desturi ya kazi yetu ni hii: kabla mwimbaji mwenye jina hajaimba, mtu asiye na jina huuimba kwanza kwenye tepu, ili mwenye jina ajue pa kupita. Tunaiita sauti ya kuonyesha njia. Ikishamaliza kazi hufutwa, na juu yake hurekodiwa kitu kingine. Binti tunayemtumia siku zote ameshikwa na homa.

Tamae alikuwa sakafuni na beseni la plamu za kijani. Kila mwaka msimu huu huzitia chumvi. Alikuwa anatoa vikonyo kwa kijiti cha mwanzi, kimoja kimoja, huku anaghuna wimbo wangu. Alikuwa ameusikia kutwa nzima kupitia mlango wa karatasi.

"Mama," nikasema, "hebu niimbie mara moja. Ni ya kuonyesha njia tu."

"Nani atakayeisikia?"

"Hakuna."

Akacheka, akajifuta mikono. Halafu akaimba chinichini kama anavyoimba siku zote mchana, kwa sababu ukuta wetu ni mwembamba na jirani, Bwana Inagaki, huendesha teksi usiku na kulala mchana. Miaka yote hii tumeishi kwa kunong'ona kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Aliimba huku ameelekeza uso kwenye beseni. Mvua ilikuwa inagonga bati la veranda, nami nikaisahau mashine ya kurekodia mpaka mkanda ulipokwisha ukaanza kupiga makofi peke yake.

Juni 17

Mvua. Plamu zimeingia mtungini na jiwe juu yake.

Juni 20

Leo Segawa amekuja nyumbani na skafu yake. Nimempigia tepu.

Alisikiliza akiwa amefumba macho. Ulipokwisha, akaomba urudiwe. Ukarudiwa. Kisha akaivua skafu, jambo ambalo sijawahi kuliona, akaishika magotini kama kofia msibani.

"Mwalimu Kuwano, hii ndiyo Paris yenyewe. Sikiliza anavyoishika pumzi. Huyu amesoma kule. Alikaa kule miaka mingapi?"

"Aa, hapana..."

"Ni nani?"

Hapo ndipo nilipokosea. Kosa lenyewe ni la malezi. Nadhani wanaume wote wa mtaa huu wangelikosea vilevile. Kwetu mtu hasifu cha nyumbani kwake. Mgeni akisifu chai yako, unasema ni maji tu. Akisifu mwanao, unasema ni mjinga kama babaye. Mke ndiye wa kwanza kushushwa. Tumefundishwa hivyo tangu tukiwa watoto, na anayemsifu mkewe mbele ya wageni huonekana amekunywa. Kwa hiyo mdomo ukajibu wenyewe, kabla sijaufikia.

"Si mtu," nikasema. "Hamna mtu hapo, bwana."

Wakati huohuo mlango wa karatasi ukafunguka, Tamae akaingia na chai. Akapiga magoti, akaweka kikombe cha mgeni, akaweka changu, akainamisha kichwa, akatoka.

Segawa hakumtazama. "Msichana huyo ndiye ninayemtaka," alisema. "Bi Nagumo namheshimu, lakini Bi Nagumo ni tarumbeta. Mimi nataka huyu. Studio tumeshaikodi kwa siku za kabla ya mvua kwisha. Bi Nagumo asipoweza kuimba hivi, nitamtafuta huyu Tokyo nzima."

Nikaanza kusema, nikanyamaza. Nikisema ni mke wangu, Bi Nagumo amekwisha, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemwahidi kisha nikampa mke wangu nafasi yake. Nisiposema, basi ni kama nilivyofanya: sikusema.

Juni 21

Tamae hajasema chochote, isipokuwa "Wali tayari."

Juni 22

"Wali tayari."

Juni 23

Mazoezi ya kwanza na Bi Nagumo, katika chumba kidogo cha kampuni. Alikuja na kimono cha rangi ya moshi, akainama kwa kila mtu, hata kwa aliyekuwa anafagia. Akaimba. Maskini, alijitahidi. Alianza polepole, lakini sauti ile ni kama farasi wa mashindano aliyefungwa kwenye mkokoteni wa tofu. Kila penye mteremko anaondoka nao. Alipofika *nani atanishikia kioo*, dirisha lililia.

Segawa alimshukuru kwa adabu nyingi, na hiyo ilikuwa dalili mbaya. Kisha akaondoka mapema.

Bi Nagumo akaketi. "Mwalimu, aliyeimba kwenye ile tepu ni nani? Usinifiche. Nimeisikiliza mpaka mkanda umechoka."

Sikuweza kumkana mara ya pili. "Ni mke wangu."

Alikunja leso, akaikunjua. "Na mkeo anajua kwamba Segawa anamtaka?"

"Alikuwa analeta chai."

"Kwa hiyo anajua, na wewe hujamwambia."

"Ndiyo."

"Mna maisha ya ajabu nyinyi wawili," alisema. Kisha, kwa sauti ndogo kuliko yoyote aliyoitumia siku hiyo, "Naweza kuja kwenu?"

Juni 25

Bi Nagumo amekuja, na tikiti maji la zawadi lililofungwa vizuri kuliko mtoto mchanga. Tamae alikuwa ameambiwa asubuhi, na ni mimi niliyemwambia, nikiutazama mlango. Alisema tu, "Basi ninunue mito ya kukalia iliyo safi."

Wakakaa wakitazamana. Mimi nilikimbilia chumba cha pili kuirekebisha kodiani ambayo haikuwa na ubovu wowote.

"Dada Tamae," Bi Nagumo alisema, "nimekuja kujifunza."

"Kwangu? Mimi najua kutia chumvi tu."

"Basi anza na hiyo."

Tamae akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu siku ile ya chai. Akamletea plamu zilizobaki na kijiti. Wakatoa vikonyo kwa muda mrefu bila kuimba. Kisha Bi Nagumo akaanza, na alipofika kwenye kioo farasi akatimka. Ukuta ukagongwa mara mbili.

"Nani huyo?" Bi Nagumo aliuliza.

"Jirani. Anaendesha teksi usiku."

"Nimemwamsha?"

"Umemwamsha, mdogo wangu. Umeamsha na mtaa wa pili."

Baadaye tukasikia ndala kwenye ujia na mlango ukabishwa. Bwana Inagaki, katika fulana na kaptula, nywele zimesimama upande mmoja. "Mama Kuwano, samahani, sigombi, lakini hiyo redio yenu..." Akamwona aliyeketi. Akaitazama kaptula yake. Akarudi kinyumenyume mpaka kwao bila kugeuka, na ikabaki kimya kabisa ng'ambo ya ukuta, kimya cha mtu aliyesimama katikati ya chumba asijue ajifiche wapi.

"Sasa hatalala tena," Tamae alisema. "Lakini tuimbe kama amelala."

Juni 27

Anakuja kila siku. Plamu zimekwisha, sasa wanashona.

Juni 28

Tamae amenisahihisha. "Baba, hapa umenikimbiza. Mtu aliyeuliza swali hasongi mbele mara moja. Anangoja kidogo." Nimeongeza mapigo mawili ya kimya. Wimbo umevuta pumzi. Miaka ishirini na tatu ninatunga mbele yake, na sijawahi kumwuliza hata kama chumvi ya wimbo imetosha.

Julai 1

Mvua nyembamba, ile isiyoanguka bali inayokaa tu hewani. Nilikuwa nimelala mchana, nusu macho. Kupitia mlango wa karatasi sauti mbili zilikuwa zinaimba pamoja, chini sana, hata sikuweza kujua ipi ni ya nani. Ilikuwa kama kusikia maji yakipita chini ya sakafu. Wakanyamaza, na Bi Nagumo akauliza:

"Dada, hukuwahi kutaka kuimba?"

Uzi ukavutwa.

"Nilikuwa kiwanda cha hariri, Kiryu, kabla sijaolewa. Tulikuwa na kwaya ya wasichana. Siku moja alikuja mtu wa redio kutoka Tokyo, akanichagua mimi na mwenzangu. Kisha vita vikazidi, redio ikawa na mambo mengine."

"Na mwalimu anajua?"

"Hajauliza."

Nikaendelea kulala. Yaani niliendelea kufumba macho.

Julai 4

Majani mekundu ya shiso, yale yanayozipa plamu rangi, yametiwa mtungini. Mikono ya Tamae ni ya zambarau.

Julai 5

Segawa amepiga simu. Bado anamtafuta yule msichana wa Paris. Amemwuliza kila mtu studio. Mmoja amemhakikishia kwamba alimwona mkahawani Ginza, amevaa bereti. Nikamwambia amsikilize kwanza Bi Nagumo. "Nitamsikiliza," alisema. Alisema hivyo kama mtu anayekubali kuonja dawa.

Julai 8

Kesho studio. Bi Nagumo ameondoka mapema leo, na mlangoni akamwambia Tamae, "Dada, kesho uje." Tamae akasema hana nguo ya kwenda huko. Bi Nagumo akasema, "Njoo na aproni."

Julai 9

Tumerekodi. Siandiki leo.

Julai 16

Watu wa hali ya hewa wametangaza kwamba mvua zimekwisha. Tamae ametandaza plamu juani kwenye ungo, veranda nzima imekuwa nyekundu na inanukia chumvi.

Gazeti moja la filamu limeandika habari za wimbo wetu. Linasema Bi Nagumo Mitsuyo alijifungia mwezi mzima na santuri za Paris, hakupokea wageni, kisha akaingia studio akaimba mara moja tu, na wapiga fidla wote wakalia. Habari nzuri. Ukweli ni huu.

Tulifika watatu. Tamae alikaa nyuma, mahali pa kuandalia chai, na kwa mazoea akaanza kuandaa chai. Bi Nagumo alikwenda moja kwa moja kwa Segawa kabla hajavua hata koti la mvua.

"Bwana Segawa, yule msichana unayemtafuta, ndiye yule anayekumiminia chai."

Segawa aligeuka akamtazama mke wangu, kwa mara ya kwanza nadhani, ingawa alishakunywa chai yake nyumbani kwetu. Kisha akanitazama mimi. Sakafu ya studio ile ni ya mbao nzuri, niliichunguza sana.

"Kwa nini unamwambia?" nilimnong'oneza Bi Nagumo. "Nafasi ni yako."

"Nimekula plamu zake, nimekalia mito yake," alisema. "Nikiimba leo huku amefichwa nyuma ya birika, nitaimba vibaya. Ajaribu. Akinishinda, anishinde akiwa na jina."

Segawa akamwendea Tamae, akainama sana, akamwuliza kama angekubali kuimba. Mimi nikafungua mdomo. Nilikuwa nataka kusema, hapana, bwana, huyu si mwimbaji, tutachekwa. Malezi, tena. Tamae alinitazama kabla neno halijatoka, nami nikaufunga.

"Ndiyo," alisema. "Ningependa."

Akavua aproni. Akasimama mbele ya maikrofoni, na nyuma yake fidla, na kinanda, na mimi na kodiani yangu. Wakaanza. Aliimba mara tatu. Ningependa kuandika kwamba mbingu zilifunguka. Haikuwa hivyo. Ile sauti iliyojaza chumba chetu kidogo kama mvuke wa wali, katika ukumbi ule ilitetemeka, ikatafuta ukuta wa kuegemea, haikuuona. Kila fidla zilipoinuka, yeye alizipisha, kama anavyowapisha watu mlangoni. Palikuwa na mahali pamoja pazuri ajabu, kwenye swali, pale kwenye mapigo mawili ya kimya. Kwingineko aliimba kama mtu anayeomba radhi.

Segawa alisema, "Mara nyingine tena, Mama," kwa upole, na Tamae akatikisa kichwa.

"Sasa aimbe Mitsuyo," alisema.

Bi Nagumo akaimba. Sauti yote ile kubwa ilikuwamo. Niliisikia imesimama nyuma ya mlango, imejizuia, mkono uko kwenye kitasa, nao mlango haufunguki. Aliimba kama mtu aliye na nguvu za kumwamsha kila mtu na ameamua kumwacha alale. Hakuna Mfaransa aliyewahi kuimba hivyo, nadhani, na mimi ni mjuzi sana, niliwahi kuipita Kobe. Wapiga fidla hawakulia. Mmoja alisahau kuingia.

Ulipokwisha, watu wote tulimtazama Segawa. Segawa alikuwa anamtazama Tamae.

"Hiyo ndiyo," Tamae alisema. Alikuwa wa kwanza kusema, na alisema kwa sauti ya kawaida, si ya kunong'ona.

Basi ndiyo hiyo mtakayoisikia kwenye filamu. Bi Nagumo amepewa mkataba mpya. Alitaka jina la Tamae litajwe kama mwalimu wake, kampuni wakasema hakuna nafasi kama hiyo kwenye skrini, akawaambia basi waitengeneze. Bado wanabishana, na katika kubishana, Bi Nagumo ana sauti kubwa.

Tulirudi kwa treni mimi na Tamae. Kwenye kituo kimoja kabla ya chetu akasimama akashuka, nami nikamfuata. Tulitembea. Mbele ya duka la mboga lililofungwa akasimama chini ya upenu.

"Nilitaka sana, unajua," alisema.

"Najua."

"Hujui."

"Sijui," nikakubali.

Akalia kidogo, amegeukia mlango wa duka. Nikamshikia mkoba, kwa kuwa sikujua nishike nini kingine. Watu walipita na miavuli yao wakatukwepa kwa adabu. Alipomaliza nikamwuliza kama angependa kuimba tena, popote, hata kwaya ya mtaa, hata wimbo usio wangu, hasa usio wangu.

"Niulize kesho," alisema.

Kesho yake nikamwuliza. Akasema bado anafikiri. Nimemwuliza na leo.